Lumumba na deni ya mwenye kuona



Kila mwaka, tarehe 16 na 17 ya mwezi wa kwanza, kazi inasimama mu Lubumbashi. Ofisi zinafungwa, watoto wanabakia ku nyumba. Tarehe 16 ni ya Muzee Laurent-Désiré Kabila, tarehe 17 ni ya Patrice Emery Lumumba. Lakini uliza kijana wa Katuba, wa Kenya ao wa Ruashi ni juu ya nini haendi ku kazi ile siku ya pili. Wengi watajibu kama ni siku ya kupumzika. Wengine watasema Lumumba aliuawa na wazungu, basi. Wachache njo wanajua kama alikufa hapa kwetu, usiku, pembeni ya barabara ya Likasi. Na wachache zaidi wanajua kama, mbele afe, watu wa mingi walimuona akipita mbele ya macho yao.

Leo tunapenda kuelezea maisha yake, lakini tutaangalia pande mbili: mutu mwenye aliona ubaya akasema, na watu wenye waliona ubaya wakanyamaza. Pande zote mbili ziko mu historia ya muji wetu.

Karani wa posta

Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 7, 1925, mu kijiji cha Onalua, teritware ya Katako-Kombe, mu Sankuru. Alikuwa Mutetela, mutoto wa walimaji. Jina la utoto wake lilikuwa Élias Okit'Asombo. Alisoma ku masomo ya Waprotestanti, kisha ya Wakatolika, lakini masomo ya sekondari hakumaliza. Mambo ya mingi yenye alijua, alijifunza yeye mwenyewe ku vitabu.

Wakati wa vita ya pili ya dunia, kijana huyu alitoka kwao akatafuta kazi. Alipita mu Maniema, alifanya kazi ya karani kule Kalima ku sosiete ya Symétain, yenye ilikuwa inachimba bati. Kisha alifika Stanleyville, muji wenye leo tunaita Kisangani. Mwaka wa 1947 serikali ya koloni ilimutuma ku masomo ya posta mu Léopoldville, na aliporudia, akawa karani wa posta, kwanza Yangambi, kisha Stanleyville. Alikuwa anasema Kitetela, Kiswahili, Lingala na Kifaransa. Kiswahili chake kilikuwa cha soko na cha kazi, sawa chetu.

Mu posta, mutu anaona mambo. Barua za wakubwa zinapita mu mikono yako. Unaona kama muzungu na mweusi wanafanya kazi moja, lakini mushahara wao hauko moja hata kidogo. Mangaribi, muzungu anarudia mu muji, mweusi anarudia mu cité. Mutoto mudogo wa muzungu anaita muzee mwenye mvi sawa vile anaita mutoto mwenzake. Lumumba aliona hii yote kila siku, miaka na miaka.

Alifanya nini? Hapa njo watu wengi wanakosea. Tunapenda kufikiri kama Lumumba alizaliwa na moto mu kinywa. Hapana. Kwa miaka ya mingi alikuwa anasema pole-pole, na heshima ya mingi. Alikuwa anaandika mu magazeti yenye yalikuwa yanaruhusiwa, sawa La Voix du Congolais na La Croix du Congo. Alikuwa mukubwa wa mashirika ya makarani na ya wale watu wenye Wabelgiji waliita évolués, maana yake weusi wenye walihesabiwa kuwa wamefika karibu na ustaarabu. Alitafuta ile karata ya immatriculation, yenye ilikuwa inaruhusu mweusi kuhukumiwa na sheria moja na muzungu. Juu ya kupata karata ile, wakaguzi walikuwa wanaingia mu nyumba yako, kuangalia namna unaishi na bibi yako na watoto wako. Mara ya kwanza walimukatalia. Alipeleka malalamiko, akaipata mwaka wa 1954.

Mwaka wa 1955, mufalme Baudouin alitembelea Kongo, na kule Stanleyville Lumumba alipata nafasi ya kuzungumuza naye. Mwaka wenye ulifuata, serikali ilimupeleka safari ya Ubelgiji pamoja na wengine. Wazungu walikuwa wanamuonyesha kama mufano wa mweusi muzuri.

Kisha akaanguka. Alipotoka safari, mu mwezi wa 7, 1956, walimukamata juu ya feza ya posta yenye alikuwa amechukua. Kosa lilikuwepo, na walimuhukumu. Alifanya zaidi ya mwaka mu buloko. Mule ndani aliandika kitabu kizima juu ya Kongo, na mu kile kitabu alikuwa angali anaomba Wabelgiji na weusi waishi pamoja vizuri, pole-pole, bila kuvunja. Kitabu kilitoka mwaka wa 1961, yeye alikuwa amekwisha kufa.

Tunaelezea hii bila kuficha, juu watu wa mingi wanajisemea kama ni malaika tu njo wana haki ya kusema ubaya. Mimi niko na kosa langu, basi nitafunga kinywa. Lumumba alikuwa na kosa lake, liliandikwa mu karatasi ya tribinali. Lakini lile kosa halikufuta kile macho yake yaliona ku posta.

Pombe Polar na Accra

Alipotoka buloko mwaka wa 1957, alienda kuishi Léopoldville. Alipata kazi ku Bracongo, ya kuuzisha pombe ya Polar. Alikuwa anazunguka cité yote, ba bar yote, anazungumuza na kila mutu. Mwenye alikuwa anazoea watu wa ofisi alianza kusikia malalamiko ya watu wa soko, ya wabebaji mizigo, ya wamama. Na sauti yake njo ilibadilika pale.

Mu mwezi wa 10, 1958, yeye na wenzake walianzisha chama cha MNC. Vyama vingine vya mingi vilikuwa vya kabila ao vya provensi. MNC ilikuwa inataka Kongo moja. Mu mwezi wa 12 alienda Accra, mu Ghana, ku mukutano mukubwa wa Waafrika wenye Kwame Nkrumah aliita. Kule alikuta watu wa inchi zingine wanasema bila kuogopa mambo yenye yeye alikuwa anaandika kwa kuzunguka-zunguka. Aliporudia, alifanya mukutano mukubwa mu Léopoldville mbele mwaka uishe, na kwa mara ya kwanza aliomba uhuru waziwazi. Siku chache kisha, tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959, Léopoldville iliwaka moto juu ya mukutano wa Abako wenye ulikatazwa.

Mu mwezi wa 10 wa ule mwaka, MNC ilikuwa na mukutano kule Stanleyville. Fujo ilitokea, askari walipiga risasi, makumi ya watu walikufa. Wabelgiji walisema Lumumba njo alichochea. Walimukamata, na mu mwezi wa kwanza 1960 walimuhukumu miezi 6 ya buloko.

Mara ya kwanza kama mufungwa mu Katanga

Hapa njo maisha yake yanaingia kwetu. Kisha hukumu, walimutoa Stanleyville, wakamupandisha ndege, wakamuleta Katanga, mu buloko ya Jadotville, maana yake Likasi ya leo. Walikuwa wanataka kumuweka mbali na watu wake. Lakini ku Bruxelles, Mukutano wa Meza ya Mviringo ulikuwa umeanza, na Wakongomani wenye walikuwa kule waliuliza Lumumba iko wapi. Walisema bila yeye mazungumuzo hayana maana. Kisha siku chache tu, Wabelgiji walimutoa buloko ya Likasi na kumupeleka Ulaya kwa ndege. Alipofika, picha zilichukuliwa: mikono yake ilikuwa na bande pale pingu zilimuumiza.

Tushike jambo hili vizuri. Ile mara, wenzake walisema, na yeye akatoka. Kati ya wale wenzake mulikuwa wapinzani wake, watu wenye hawakumupenda hata kidogo. Lakini walisema. Mwaka moja kisha, wakati walimuleta Katanga mara ingine akiwa amefungwa, hakuna mwenye uwezo alisema, na hakutoka.

Tarehe 30 mwezi wa 6

MNC na wenzao walishinda uchaguzi wa mwezi wa 5, 1960. Lumumba akawa Waziri wa kwanza, Joseph Kasa-Vubu akawa Raisi. Siku ya uhuru, mu Léopoldville, mufalme Baudouin alisimama, akasifu kazi ya Ubelgiji na kazi ya mufalme Léopold wa pili. Kasa-Vubu alijibu kwa upole. Mu programu hakukuwa jina la Lumumba. Lakini alisimama.

Hatutaandika maneno yake hapa, kila mutu anaweza kuyatafuta. Tutasema tu kitu chenye alifanya: alihesabu. Alihesabu kazi ya kuchokesha na mushahara wenye hautoshi kula. Alihesabu matusi, na namna mweusi alikuwa anaitwa sawa mutoto. Alihesabu mashamba yenye yalinyanganywa kwa karatasi za sheria, na sheria yenye ilikuwa nguo moja kwa muzungu na ingine kwa mweusi. Alihesabu nyumba nzuri za muji na nyumba mbaya za cité, buloko, na watu wenye waliuawa kwa risasi.

Wazee wa Lubumbashi wenye walisikia yale maneno ku radio walijua risasi gani. Mu mwezi wa 12, 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière walifanya greve, juu vita ilikuwa imepandisha bei ya vitu vyote na mushahara ulibakia pale pale. Walikuwa wanaomba watoke ku faranga 1,50 wafike ku 2 kwa siku. Kule Jadotville askari waliua watu 15. Tarehe 9, mu Élisabethville yetu, waliitwa mu kiwanja cha mupira juu ya kuzungumuza. Mwenye alisimama kusema kwa jina la wenzake alikuwa karani, Léonard Mpoyi. Gavana Amour Maron alimupiga risasi pale pale, kisha askari walipiga watu. Walikufa kati ya 60 na 70. Serikali ilihesabu nusu tu. Mchoraji wetu Tshibumba Kanda Matulu alichora mauaji yale kisha miaka zaidi ya 30, juu mu kambi watu walikuwa wangali wanayaelezea.

Kwa hiyo wakati Lumumba alisema mbele ya mufalme, hakugundua kitu. Kila mutu mu inchi alikuwa anajua. Kitu cha mupya kilikuwa kimoja: mambo yenye watu walikuwa wanasemea nyuma ya nyumba, yeye aliyasemea mbele ya mwenye alihusika, na radio inapeleka sauti. Baudouin alikasirika, programu ya siku iliharibika. Wengine mpaka leo wanasema Lumumba alikosa adabu, angengoja. Labda. Lakini Mpoyi aliitwa kuzungumuza kwa adabu, na tunajua namna ilimalizika.

Damu ya Bakwanga

Mutu mwenye anasema ubaya wa wengine, siku inafika wenye kuteswa wanamuangalia yeye. Ilifika upesi sana.

Siku 5 kisha uhuru, jeshi liliasi. Tarehe 11 mwezi wa 7, Moïse Tshombe alitangaza hapa kama Katanga imejitenga. Wabelgiji na Union Minière walikuwa nyuma yake. Mwezi wenye ulifuata, Kasai ya Kusini ya Albert Kalonji nayo ilijitenga. Lumumba, mwenye alikuwa pia waziri wa ulinzi, alituma jeshi Bakwanga, yenye leo ni Mbuji-Mayi. Mu mwisho wa mwezi wa 8, askari waliua Waluba mamia na mamia, wamama na watoto ndani. Mukubwa wa ONU, Dag Hammarskjöld, alilaumu mauaji yale kwa maneno makali sana.

Mu Lubumbashi muko familia za mingi zenye kutoka Kasai, na kwao jina la Lumumba liko na kile kidonda. Damu ile iko mu hesabu ya serikali yake. Mutu mwenye alihesabu risasi za Wabelgiji alipashwa kuhesabu za jeshi lake kwa sauti ile ile. Kumusifu bila kutaja Bakwanga ni kufanya kile chenye yeye alikataza tarehe 30: kusifu mukubwa na kuruka wafu.

Mara ya pili mu pingu

Tarehe 5 mwezi wa 9, Kasa-Vubu alimutoa ku kazi. Tarehe 14, koloneli Mobutu alichukua mamlaka. Lumumba alibakia amefungiwa mu nyumba yake. Mu mwisho wa mwezi wa 11 alitoroka, akafuata barabara ya Stanleyville. Kila kijiji watu walikuwa wanamusimamisha juu aseme nao, na alikuwa anasema. Alikamatwa ku muto Sankuru, kule Lodi. Alikuwa amekwisha kuvuka, akarudia juu bibi yake Pauline na mutoto walikuwa wangali ngambo ingine.

Walimuweka mu kambi ya askari ya Thysville. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, walimupandisha ndege pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mu ndege askari waliwapiga njia yote. Wazungu wenye walikuwa wanaendesha ndege hawakuweza kuvumilia kuona. Walifunga mulango wa mbele.

Ile mulango inafaa ibakie mu kichwa. Watu wale hawakupiga mutu. Waliona, wakachukia kile waliona, wakafunga, wakaendelea kuendesha. Ndege ilitua ku Luano mangaribi.

Ku Luano mulikuwa askari wa Katanga, polisi, Wabelgiji, na askari wa ONU kutoka Swedeni. Wale wa ONU waliona watu watatu wamefungwa macho, wanateremushwa kwa kupigwa. Hawakusogea. Motokari ziliwapeleka ku nyumba moja yenye iko karibu, Villa Brouwez. Kule waliteswa tena, na wakubwa wa Katanga walipita kuwaona. Usiku, karibu saa tatu na nusu, waliwapeleka pembeni ya barabara ya Likasi, pa Shilatembo. Walipigwa risasi mbele ya muti, moja kisha mwengine, na mwenye aliamuru askari alikuwa ofisa Mubelgiji. Tshombe na wamoja wa mawaziri wake walikuwa pale. Lumumba alikuwa na miaka 35.

Kimya ya miaka 40

Sasa tuangalie wengine.

Kisha siku chache, Mubelgiji wa polisi, Gérard Soete, alifukua maiti pamoja na musaidizi wake. Waliikatakata, wakaiyeyusha mu asidi, juu pasibakie kaburi. Tarehe 10 mwezi wa 2, serikali ya Katanga ilitangaza kama wafungwa wametoroka. Tarehe 13, waziri wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, alitangaza kama wanakijiji wamewaua. ONU ilifanya uchunguzi mwaka ule ule na haikuamini hadisi hii. Lakini mu Élisabethville, watu wenye waliona motokari, watu wenye walilinda mulango, watu wenye walikuwa Luano, waliingia ku kazi asubui na wakakaa kimya. Kusema kungeweza kuwafikisha ku muti ule ule. Tunaelewa woga wao.

Mwenye alivunja kimya kwanza alikuwa mwanamuke. Pauline Opango, na matiti wazi sawa mujane wa desturi, alipita mu barabara za Léopoldville pamoja na watu wake, kuomba ONU imupe maiti ya bwana wake amuzike. Hakukuwa maiti ya kupewa. Alikufa mwaka wa 2014 bila kuzika.

Soete alirudia Ubelgiji, akaishi kama watu wote. Alikuwa amechukua meno ya Lumumba kama ukumbusho. Ilipita karibu miaka 40 mbele aseme mbele ya kamera chenye alifanya. Ilisaidia kitabu cha Ludo De Witte, chenye kilitoka mwaka wa 1999, na Bunge la Ubelgiji likalazimika kuchunguza. Mwaka wa 2001 ile tume ilisema kama wamoja wa mawaziri wa Ubelgiji wa wakati ule wako na daraka la kimaadili mu kifo kile. Mwaka wa 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba musamaha. Mwaka wa 2011 watoto wake walipeleka malalamiko ku tribinali ya Bruxelles. Mwaka wa 2016 polisi ilikamata jino moja kwa binti wa Soete. Tarehe 20 mwezi wa 6, 2022, lile jino lilitolewa kwa familia, mu sanduku.

Sanduku lilipita Onalua, Kisangani, na lilipita hapa, Shilatembo na Lubumbashi, mbele ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Watu walitoka ku barabara kuliona likipita. Miaka 61 mbele, mutu muzima alipita mu muji huu na hakuna mwenye alitoka.

Deni yetu

Mimi mwenyewe sina nafasi ya kuhukumu mutu. Kuna siku nilikuwa mu bisi, barabara ya kutoka ku migodi. Ku barière moja, wanaume wenye silaha waliteremusha kijana mwenye kuchimba, wakachukua mufuko wake, wakaanza kumupiga. Mimi nilikuwa mbele, na kadi ya muandishi wa habari mu mufuko na simu ku mukono. Yule kijana aliniangalia. Mimi niliangalia pande ingine. Shofere alipandisha muziki. Kwa kilometa ya mingi hakuna mutu alisema kitu mu ile bisi, na nilipofika ku radio, sikuandika hata mustari moja. Nilipoanza kusoma juu ya ile ndege, nilijua mulango ule. Niliwahi kuufunga.

Na si mimi peke yangu. Wenye kupita miaka 45 mu Lubumbashi na Likasi wanakumbuka 1992 na 1993, wakati jirani wenye kutoka Kasai walifukuzwa, maelfu wakalala ku gare ya Likasi wakingoja gari ya moshi. Kila avenue iko na historia yake. Kuna nyumba zenye zilificha jirani, na zenye zilifunga dirisha. Watu wanajua ni gani, lakini hawapendi kuzungumuza.

Maisha ya Lumumba hayaombi kila mutu asimame mbele ya mufalme. Yeye mwenyewe alianza na barua mu gazeti. Aliona miaka kumi mbele sauti yake ikomae. Lakini yanatuonyesha kama kuona ni kuchukua deni. Unaweza kulipa kidogo-kidogo: kuandika jina la kijana na saa na pahali, kuuliza ku polisi walimupeleka wapi, kwenda wawili ao watatu ku ofisi ya kartier kuliko moja, kuita mutetezi wa haki za watu, kuita radio. Wenzake ku Bruxelles waliuliza tu Lumumba iko wapi, na ile swali ilifungua buloko ya Likasi. Usipolipa, deni haifutike. Ya Soete ilingoja miaka 40, na ilitoka mu kinywa cha muzee mwenye alikuwa karibu kufa. Jino lenyewe lilingoja zaidi ya miaka 60.

Mwaka kesho, tarehe 17, mukiwa ku nyumba na watoto, muwaambie kama si siku ya kupumzika tu. Na kama moja wenu, ao muzee wenu, alikuwa Luano ao ku barabara ya Likasi ile siku, na hajasema mpaka leo, mulango wa radio uko wazi. Tutamusikiliza bila kumuhukumu.